Binti yangu ni namba tisa, na kuna mtu anataka kumpeleka Uturuki

Swali: "Kocha, mimi ni mama wa watoto wanne, nauza omena sokoni Luanda, Kaunti ya Vihiga. Binti yangu wa tatu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na ndiye mshambuliaji wa timu ya shule. Muhula huu walifika michezo ya eneo la Magharibi. Baada ya mechi bwana mmoja alimfuata, akamwambia yeye ni wakala na kuna timu Uturuki inamtaka. Siku mbili baadaye akaja kwangu. Anataka shilingi 180,000 za pasipoti, visa na majaribio, na mtoto aache shule mwezi ujao. Baba yake anasema mpira si kazi ya msichana. Mimi naona ana kipaji. Je, mshambuliaji wa kike kutoka huku kwetu anaweza kweli kufika timu ya taifa na kucheza ng'ambo? Safari yenyewe huwaje?"

Mama, nianze na lile lisilongoja. Usimpe huyo bwana hata shilingi moja, na binti asitoke shuleni. Halafu tuongee vizuri kuhusu hilo jingine, maana jibu lake ni ndiyo, tena ndiyo yenyewe ni pana kuliko alivyokueleza yeye.

Kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ruhusa ni chache: mzazi akihamia nchi ile kwa sababu zisizohusu mpira, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya, watu wanaoishi karibu kabisa na mpaka, na nyingine kama hizo. Mtoto wa Luanda anayeitwa Istanbul peke yake hamo. Ili klabu ya huko imsajili, lazima shirikisho lake lipate cheti cha uhamisho wa kimataifa kutoka Kenya kupitia mfumo wa FIFA, na kwa umri wa binti yako cheti hicho hakitatoka. Akisafirishwa sasa kwa visa ya utalii atafika mji wa watu akiwa hana klabu, hana kibali cha kazi, na pasipoti yake iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Jambo la pili ni leseni. Tangu 2023 mtu hawezi kuwa wakala wa FIFA bila kufanya mtihani na kupewa leseni, na leseni hupewa mtu kwa jina lake, si kampuni. Majina yamo kwenye tovuti ya FIFA. Mwombe jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha mmoja wa watoto wako akutafutie kwa simu. Kwa mchezaji mdogo, wakala anatakiwa kupata kibali cha mzazi kwa maandishi kabla ya kumwendea mtoto. Huyu wako alianza na mtoto pale uwanjani, na kwako alikuja kwa ajili ya pesa. Wakala halisi hula sehemu ya mshahara wa mchezaji, kwa hiyo mchezaji asipopata kazi, naye hapati kitu. Klabu inayomtaka mtu kwa dhati hutuma barua ya mwaliko yenye jina la afisa unayeweza kumpigia, na mara nyingi nauli ni yake.

Naandika haya kwa uchungu, Mama, kwa kuwa nimewahi kumpokea uwanja wa ndege msichana niliyemfundisha tangu darasa la saba. Alikuwa na miaka 19, mkataba alisaini kwa lugha asiyoijua, na klabu iliyomchukua ilimlipa miezi miwili tu kati ya minane. Alirudi na begi moja na kikohozi. Aliporudi mazoezini hakutaka kupiga mpira golini kwa wiki tatu nzima, alikuwa anapasia wenzake tu. Leo ni mwalimu, na anacheza wikendi. Kipaji chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wengi wanaoitwa timu ya taifa.

Sasa, kazi yenyewe.

Huna haja ya kwenda mbali kuiona. Uwanja wa Mumboha uko hapo hapo Luanda, na Vihiga Queens wamecheza mechi nyingi pale. Timu hiyo ndiyo iliyoiwakilisha Afrika Mashariki na Kati katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ilipoanzishwa, kule Misri mwaka 2021. Mshambuliaji wake wakati huo alikuwa Jentrix Shikangwa. Miaka miwili kabla ya hapo, Novemba 2019, Kenya ilicheza fainali ya CECAFA, mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, jijini Dar es Salaam dhidi ya Tanzania, mbele ya mashabiki wa Tanzania, ikashinda 2-0. Mabao yote mawili yalikuwa ya Shikangwa, na bado alikuwa kijana mdogo sana. Baadaye akaenda Simba Queens ya Dar es Salaam, mwaka 2023 akasajiliwa China na Beijing Jingtan, kisha akarudi Simba.

Itazame hiyo ngazi kwa makini, kwa sababu watu wengi wanaipita bila kuiona. Timu ya kaunti, kisha timu ya taifa, kisha ligi ya jirani inayolipa vizuri kidogo na inayotangazwa kwenye televisheni, kisha ng'ambo. Kila hatua alikuwa anacheza, na anafunga, mbele ya watu wanaoandika majina. Kurudi Dar es Salaam kutoka China hakukumwondolea kitu. Mshambuliaji hula dakika za mchezo kama samaki anavyokula maji, na mahali zilipo dakika ndipo kazi ilipo.

Uturuki nayo ipo kweli, nisije nikakutisha bure. Esse Akida ndiye aliyeifungia Kenya bao lake la kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Afrika kwa wanawake, dhidi ya Ghana, kule Cameroon mwaka 2016. Tulifungwa 3-1 siku ile, lakini bao lile lilimfungulia milango. Mwaka 2018 alikwenda Israel kuchezea Ramat HaSharon, na 2021 akajiunga na Besiktas ya Istanbul. Hesabu mwenyewe: kutoka bao la Cameroon mpaka Istanbul ni karibu miaka mitano. Alipofika alikuwa mchezaji wa kimataifa mwenye mechi nyingi mwilini, na klabu ilijua inamchukua nani.

Nje ya Kenya hadithi ni hiyo hiyo. Tabitha Chawinga wa Malawi alipoondoka kwao mwaka 2014 alitua katika timu ya ngazi za chini Uswidi, mjini Krokom, mahali ambapo hata Waswidi wengi hawapajui. Alifunga pale mpaka wakubwa wakasikia. Akapanda Kvarnsveden, mwaka 2017 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Uswidi, akaenda China, kisha Inter ya Milan alikoibuka mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu wa 2022/23, kisha Paris, na 2024 Lyon. Racheal Kundananji wa Zambia alipitia Kazakhstan na Hispania. Februari 2024 Bay FC ya California ikamnunua kwa zaidi ya dola 780,000, ada iliyovunja rekodi ya dunia kwa wanawake wakati huo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanzia kwenye klabu ambayo jina lake lingemfanya jirani apige vigelegele. Naamini kabisa kwamba klabu ya kwanza ng'ambo ichaguliwe kwa swali moja tu: atacheza, au atakaa benchi?

Na kwa mzee wako, mwambie kuhusu Asisat Oshoala. Wazazi wake kule Ikorodu, Lagos, nao hawakutaka acheze, walitaka asome. Mwaka 2014 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 nchini Canada. Baadaye akashinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Barcelona, na amechaguliwa mchezaji bora wa kike wa Afrika mara 6. Simwambii haya mumeo ili aone binti yake ni Oshoala. Namwambia ili ajue hofu yake wengine wameipitia, na hofu ile ina heshima yake, kwa sababu kwenye ligi yetu wachezaji wengi hupata marupurupu madogo na msimu mwingine hakuna hata hayo. Mtu asiyekuambia hilo anakuficha. Ndiyo maana nasisitiza KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Msichana mwenye cheti anaweza kuchukuliwa na chuo kikuu chenye timu, kama Zetech, au na timu za vikosi kama Ulinzi Starlets na Kenya Police Bullets. Bullets walifika fainali ya CECAFA ya vilabu mwaka 2024.

Umeniuliza kuhusu kipaji. Sijamwona akicheza, lakini nimeona namba tisa wengi wa shule kwa miaka 15 hapa Kisumu, na naweza kukuambia mahali wanapokwama. Wanakwama kwenye mwendo wa bila mpira. Shuleni msichana mwenye mbio hurushiwa mpira mrefu nyuma ya mabeki, anawapita wote, anafunga manne, na uwanja unamwimba. Akifika ligi kuu anakutana na beki wa miaka 27 ambaye hashindani naye mbio. Beki huyo anarudi hatua tatu mapema, anamgusa bega kidogo, mpira unaenda kwa kipa. Mechi tatu namna hiyo na binti anaanza kuamini amerogwa.

Dawa ni kujifunza kusonga mara mbili. Hatua ya kwanza ni ya kumdanganya beki, ya pili ndiyo yako. Krosi ikitoka kulia, jifanye unaenda nguzo ya mbali, beki akigeuza kiuno tu, kata mbele yake uende nguzo ya karibu. Mabao mengi ya washambuliaji wakubwa hufungwa ndani ya boksi kwa mguso mmoja, na ule mguso ni rahisi. Kilicho kigumu ni kufika pale nusu sekunde kabla ya mwenzako. Shikangwa nilimpenda kwa hilo hasa. Ungedhani anatembea, kisha mpira unapofika hayupo pale ulipomwacha.

Binti yako anaweza kufanya haya bila kulipa mtu. Atafute ukuta imara, wa darasa au wa kanisa akiruhusiwa. Apige mpira ukutani kwa mguu wake dhaifu mara 100 kila siku, apokee na kuugeuza kwa mguso wa kwanza ukaelekee upande wa goli, si kuuzima miguuni. Akizoea, rafiki asimame nyuma yake amsukume kidogo wakati wa kupokea. Kabla mpira haujamfikia, atupe jicho juu ya bega na aseme kwa sauti rafiki yake ameinua vidole vingapi. Akikosea vidole, pigo lile halihesabiwi. Wiki sita za hili na kocha wake wa shule ataanza kuuliza amekula nini.

Kuna jambo moja linanitia hofu kuliko wakala yeyote, nalo ni goti. Wasichana huchanika kano ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, zaidi ya mara mbili ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Umbo la nyonga lina sehemu yake, misuli ya nyuma ya paja isiyofanyiwa mazoezi ina sehemu yake, na viwanja vyetu vyenye mashimo vina sehemu yake. La kwangu lilikatika nikiwa na miaka 22, hakuna aliyenigusa, niligeuka tu kufuata mpira uliokuwa nyuma yangu. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mshambuliaji nikaanza kuwa kocha, na nimelipenda jukumu hili, lakini Mama, natamani mtu angenifundisha kutua.

Upo mpango wa kupasha mwili wa FIFA unaoitwa 11+. Huchukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa cha gharama, na timu zinazoufanya angalau mara mbili kwa wiki huumia kidogo sana kuliko zisizoufanya. Ndani yake kuna kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yakitazama mbele, yasiangukiane kwa ndani. Kuna kuchuchumaa, kuna kusimama kwa mguu mmoja, kuna zoezi la kupiga magoti na kuinama mbele polepole wakati mwenzako ameshika vifundo vyako. Video zake zipo kwenye simu. Kama kocha wa shule hana muda, binti awe kiongozi wa kuwapasha wenzake. Na ale vizuri. Hiyo omena unayouza ina protini na madini ya chuma kuliko vyakula vingi vya bei, na msichana anayefanya mazoezi huku akipata hedhi anahitaji chuma sana. Kama hedhi yake imepotea kwa miezi tangu aanze mazoezi makali, usifurahie kwamba amepumzika. Huenda chakula hakitoshi mwili, na mifupa ndiyo italipa. Mpeleke kliniki.

Kuhusu timu ya taifa: makocha huangalia michezo ya shule kuliko watu wanavyodhani. Junior Starlets, timu ya chini ya miaka 17, ndiyo timu ya kwanza ya Kenya katika historia kufuzu Kombe la Dunia la FIFA, iwe ya wanaume au ya wanawake. Walikwenda Jamhuri ya Dominika Oktoba 2024, wakapoteza kwa Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Wengi wao walitoka kwenye shule za huku kwetu, shule ambazo binti yako amezisikia au amecheza nazo. Na mwaka uliofuata, Oktoba 2025, dada zao wa Harambee Starlets, timu ya taifa ya wakubwa, waliitoa Gambia kwa jumla ya 4-1, wakafuzu fainali za Afrika za 2026 kwa mara ya pili tu tangu ile ya 2016. Mlango uko wazi kuliko wakati wangu. Siku hizo tulicheza na jezi za wavulana zilizokunjwa kiunoni.

Jezi ya taifa ndiyo inayomfanya mshambuliaji aonekane. Barbra Banda wa Zambia alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, katika mechi ambayo Zambia ilifungwa 10-3. Siku tatu baadaye akafunga matatu mengine dhidi ya China. Timu yake ilikuwa inazama, lakini yeye dunia nzima ilimwona, na Novemba 2024 ndiye aliyefunga bao pekee katika fainali ya ligi ya Marekani akiwa na Orlando Pride.

Kwa hiyo kwenye miezi hii ningefanya hivi. Amalize kidato cha nne. Wakati huohuo aombe kufanya mazoezi na timu ya ligi wakati wa likizo: Vihiga Queens mko nao jirani, na kama kuna ndugu Kisumu au Nakuru, miji hiyo nayo ina timu zake za wasichana. Asajiliwe rasmi na shirikisho, na kumbukumbu zake za usajili zitunzwe. Kuna sababu ya pesa hapo ambayo wengi hawaijui: klabu ikimnunua mchezaji kwa ada katikati ya mkataba na kumpeleka nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ile hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Klabu ndogo ya kijijini inaweza kujenga choo na kununua mipira kwa pesa hizo, mradi jina la mtoto liko kwenye karatasi.

Akitimiza 18 na mkataba wa kweli ukaja, usisaini siku hiyohiyo hata kama wanasema dirisha la uhamisho linafungwa usiku. Uwe kwa lugha mnayoielewa. Uandike mshahara kwa mwezi na ni miezi mingapi kwa mwaka, maana wengine hulipa 10 na kukaa kimya kuhusu miwili. Uandike nani analipa kodi ya nyumba, tiketi ya kurudi, na upasuaji wa goti likikatika. Pasipoti akae nayo mwenyewe. Na ajue kwamba tangu 2021 FIFA inazibana klabu kumpa mchezaji mjamzito likizo ya angalau wiki 14 kwa theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Wasichana wengi hawaambiwi hili na mtu yeyote.

Huyo bwana akirudi, mwambie mumesoma kifungu cha 19 na mnasubiri namba yake ya leseni kwa maandishi. Akikasirika au akianza kusema nafasi itapotea, nenda kituo cha polisi, upeleke na jumbe zake za simu, kwa sababu huenda si wewe peke yako anayekufuata.

Na kuhusu baba yake, usibishane naye nyumbani. Siku Vihiga Queens wakicheza Mumboha, fungeni genge mapema mwende wote watatu. Mwombe binti afanye kitu kimoja: kwa dakika 10 asiufuate mpira kabisa, amtazame namba tisa peke yake, na amweleze baba yake kila anapoona yule dada ameanza kusonga kabla pasi haijapigwa. Baba amsikilize akieleza.